Usiandike namba juu ya kipimo: vyuma vyangu 192 vilikatwa vifupi

Ndugu wa Mbale, usitume hiyo michoro. Salamu nitakupa baadaye.

Umeandika kwamba modeli ya ghorofa tatu iko Revit (programu inayojenga jengo zima kwenye kompyuta, michoro na orodha zikatoka humo), msanifu amebadilisha urefu wa ghorofa jana jioni, vyuma vinakatwa Jumatatu, na wewe unataka kutoa michoro kwenda AutoCAD (programu ya kuchora mistari tu) ili "urekebishe vipimo viwili vitatu" huko, kwa sababu kugusa modeli kutakuchukua siku mbili. Halafu umeuliza habari za Tekla, programu nyingine ya modeli, za laptopu, za kibali na za kutuma michoro kwa simu. Hayo yatasubiri. Mimi nilipofika kwenye "vipimo viwili vitatu" niliinuka nikaenda kunywa maji.

Kosa hilo ni langu, nimelilipia. Ilikuwa Kira, nje kidogo ya Kampala, jengo la makazi, nguzo 24, kila nguzo vyuma vinane vya Y16, yaani nondo za kipenyo cha milimita 16. Saa tatu usiku msanifu akanitumia ujumbe: ghorofa ya chini sasa ni mita 3.3, si 3.0 tena, mteja anataka dari liwe juu. Karatasi zilitakiwa saiti asubuhi. Nikajaribu kuandika 3300 juu ya kipimo mle mle ndani ya Revit. Ikakataa. Wanaoitumia wanajua: kipimo cha Revit hakikubali uandike namba juu yake. Maneno kinapokea, lakini namba inatoka kwenye modeli yenyewe. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mlango umefungwa. Mimi nikapitia dirishani. Nikautoa mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa wima, kwenda AutoCAD, ambayo haina ubishi na mtu, nikabofya kipimo, nikafuta 3000, nikaandika 3300. Sekunde kumi. Nikajiona mjanja, nikatoka kununua rolex, ile chapati ya kuviringisha, ya mayai mawili.

Sasa sikiliza. Orodha ya kukata vyuma ilikuwa inatoka kwenye modeli, na modeli ilikuwa bado inajua kwamba ghorofa ni 3000. Maungio, pale chuma cha chini kinapopishana na cha juu, tulikuwa tumeyapa mara 40 ya kipenyo, yaani milimita 640 kwa Y16. Jumlisha: 3640. Ndivyo orodha ilivyosema, vipande 192, kila kimoja 3640, vimenyooka. Mkato nao ukasema 3300. Karatasi mbili zenye jina moja la mradi, tarehe moja, na herufi moja ya toleo, C. Maseremala wakafuata mkato, wakapandisha mbao hadi urefu mpya. Wafunga vyuma wakafuata orodha. Wote walifanya kazi yao sawasawa. Mwongo alikuwa mmoja, na alikuwa mtaani Ntinda, Kampala, anakula rolex.

Nguzo sita zilikuwa zimeshamwagwa zege mzee anayesimamia vyuma aliponipigia. "Kijana wangu, vyuma vyako mbona vimebaki chini?" Nikamjibu haiwezekani, orodha imetoka kwenye kompyuta. Hakubishana. Akanitumia picha WhatsApp: tepu imesimamishwa kando ya chuma, kidole gumba chenye ukucha mweusi kimebana alama ya sentimita 34. Juu ya usawa wa slabu inayofuata zilitakiwa sentimita 64. Hiyo 34 ni mara 21 tu ya kipenyo. Picha ninayo mpaka leo.

Nikapendekeza tuongeze vipande pale pale boriti inapokutana na nguzo. Mhandisi aliyesaini michoro hakupandisha hata sauti. Akaniuliza kama nimewahi kusikia tetemeko la Toro la 1966, akasema boriti inapokutana na nguzo ndipo mahali pa mwisho pa kutia kiraka, bomoa. Zikabomolewa zote sita. Vyuma vipya, 64 vya mita 12, uzito wa zaidi ya tani moja, nilinunua mimi kwa malipo yangu mwenyewe. Mteja alikuwa muungwana, hakunishtaki. Hajanipigia tena pia.

Na kinachoniuma hasa si hela. Chuma kimoja cha mita 12 kinatoa vipande vitatu vya 3640, inabaki mita moja na sentimita nane ya kutupa. Urefu sahihi ulikuwa 3940. Zidisha mara tatu: mita 11.82. Vinatoka vilevile vitatu, kwenye chuma kilekile, kwa bei ileile! Ningebadilisha modeli, mradi usingehitaji hata chuma kimoja cha ziada. Urefu niliokuwa nautafuta ulilala pale chini kama vyuma chakavu. Vile vifupi, vingine viliingia kwenye linta, vingine vinabeba pasheni za mama yangu kule Busia. Anasema hakuna jirani mwenye miti imara kama yake. Kweli kabisa, mama, ni Y16.

Ujanja huo sikuuzua mwenyewe. Nilifundishwa, tena kwa kulipia. Kozi ya wiki sita, mwalimu mwenye tai na miwani ya jua ndani ya darasa, akituambia modeli ni ya kumwonyesha mteja na AutoCAD ndiyo ya kazi, na ukibanwa na muda "kipimo ni maandishi tu, andika". Maandishi tu! Sijui kama amewahi kusimama saiti mvua ikinyesha, mafundi ishirini wakimwangalia. Cheti chake kina ukingo wa dhahabu. Nilikitundika ofisini, sasa kimefunika ufa ukutani, angalau kinafanya kazi moja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja, na ukinibishia nitakutumia ile picha: badiliko lolote linaanzia kwenye modeli, na karatasi yoyote inatoka kwenye modeli. AutoCAD ukiombwa na mtu mpe faili kama nakala, lakini wewe usirudi kuihariri.

Na hizo siku mbili zako zinanitia shaka. Kama vichwa vya nguzo zako vimefungwa kwenye levo ya ghorofa, yaani mstari wa usawa wake ndani ya modeli, unabadilisha levo na nguzo zinafuata, dakika chache. Kama inakuchukua siku mbili, nadhani nguzo umezichora kwa urefu wa kuandika, kila moja peke yake. Zifunge leo. Kwanza pakia upya modeli ya msanifu, uone levo zake zimehamia wapi, ndipo uhamishe zako. Kisha pitia vyuma kwa macho, kwa sababu vile ulivyoviweka kwa kukadiria havitahama, vitaning'inia hewani. Halafu fungua orodha ya kukata utafute urefu wa zamani. Ukiukuta hata kwenye mstari mmoja, hujamaliza. Herufi ya toleo ibadilike kwenye kila karatasi, hata zile ambazo hazikuguswa, na karatasi za zamani zikusanywe saiti kwa mkono. Usiseme "nimewatumia mpya". Fundi ana ile ya zamani mfukoni, imeshakuwa na ramani ya chai.

Laptopu: yenye RAM ya 8 GB itakutesa lakini itafika, ilimradi usichore kila tofali la maxpan, yale yenye matundu ya kujazia slabu. Chora slabu na mbavu zake, matofali yaonyeshe kwenye mchoro mmoja wa undani. Tekla ni nzuri, sana kwa vyuma vya kuezekea na fremu, lakini haitakuokoa na tabia mbaya. Kibali... uliuliza nini kuhusu kibali? Kama urefu umebadilika baada ya michoro kugongwa muhuri, ongea na mhandisi wako kabla hujaongea na mimi.

Sasa funga uzi huu, mpigie fundi wako. Mwambie Jumatatu asikate Y16 hata moja mpaka aione orodha yenye herufi mpya. Akikuuliza kwa nini, mwambie kuna mtu ana pasheni zinazopanda kwenye chuma.