Mwache ale kwanza

Picha ile niliifuta siku hiyohiyo, lakini bado naiona. Ilikuwa saa mbili asubuhi kwenye baraza ya hospitali moja hapa Lubumbashi, foleni imefika hadi mlangoni. Mwanamuziki mmoja, mwanamke ambaye mwaka ule hapakuwa na harusi isiyopiga nyimbo zake, alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao kama sisi wengine. Kichwani kitambaa, miguuni kandambili. Nilimtambua kwa sauti alipomwuliza muuguzi jambo. Sikumpa hata salamu. Nilitoa simu, nikajibana pembeni yake, nikamwambia, "Yaya, foto moja tu" (yaya kwetu ni dada mkubwa). Aliinua uso, akaitazama simu, akanyoosha shingo kama walivyozoea, nikabonyeza. Nikasema aksanti, nikaenda zangu kuwaringishia wenzangu.

Nilipofika nyumbani niliikuza picha kwa vidole nimwone vizuri. Ndipo nikaona kitenge kilichokuwa mapajani mwake, na katikati ya kitenge mkono wa mtoto, mdogo, umefungwa bandeji nyeupe pale inapoingia sindano ya dripu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Benchi lile nimelikalia usiku na mchana, najua uzito wa mtoto mwenye homa. Na sikumwuliza hata mtoto wake anaumwa nini.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika hayatoki kwa mtu aliyezaliwa na adabu zote. Nimejifunza polepole, na shule yangu imekuwa malewa yangu ndogo, yaani mgahawa, katika mtaa wa Kamalondo, dakika chache kwa miguu kutoka uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe. Meza sita, viti vya plastiki, mbabula (majiko ya makaa) tatu nyuma ya ukuta, na kijana mmoja wa kuosha sahani. Nilianza mwaka 2009, uwanja ule ukiwa haujafunguliwa. Mechi kubwa zilikuwa zinachezwa kule Kenya (nasema komine yetu ya Kenya, sehemu ya mji huuhuu, si nchi ya watu). Uwanja ulipofunguliwa mwaka 2011, wenye viti zaidi ya 18,000, mtaa ulibadilika. Wachezaji, wanamuziki, watangazaji, wachekeshaji wa kwenye simu, wachungaji wenye walinzi, wote nimewapakulia bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo. Vijana huniuliza kila siku: mama, wakoje? Wanasalimia? Wanaringa?

Mimi huwajibu kwa swali. Wewe ulimsalimia?

Hapa kwetu huwezi kumpita mama anayekaanga mikate barabarani bila kumwambia jambo. Mtoto akipita kimya anaitwa arudi. Lakini mtu maarufu akitokea, salamu tunaisahau wote, wazee kwa vijana. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa jikoni, na nadhani sababu ni kwamba uso wake tumeishi nao. Tumelala naye kwenye simu, tumelia naye, tumegombana kwa ajili yake. Tukimwona tunahisi tumekutana na ndugu, na kwa ndugu mtu anakwenda moja kwa moja. Yeye kwa upande wake anaona mtu asiyemjua kabisa anamjia mbio na kitu mkononi. Akirudi nyuma hatua moja, tunasema amevimba kichwa. Salamu inampa muda wa kukuona wewe ni nani. Mwambie jambo, mwite papa au mama au yaya kulingana na umri wake, ngoja ajibu. Simu ibaki mfukoni mpaka hapo. Ukishapata jibu ndiyo uombe, na akikataa, aksanti yako iwe ileile ambayo ungempa kama angekubali.

Usiku ulionifundisha jambo kubwa zaidi ni wa tarehe 8 Novemba 2015. Mazembe ilikuwa imewafunga USM Alger ya Algeria 2-0 hapa nyumbani katika fainali, baada ya kushinda 2-1 kule Algiers, na taji la tano la klabu bingwa Afrika likawa letu. Mbwana Samatta alifungua kwa penalti, na mji mzima ukamwagika barabarani. Kwa sababu yake na Thomas Ulimwengu, malewa ilikuwa na Watanzania waliokuja kuwaona vijana wao. Mmoja aliniambia "shikamoo mama" nikabaki namtazama, maana sisi hatuna salamu hiyo kinywani. Akanifundisha kujibu "marahaba", na mpaka leo kijana wangu wa sahani hunitania nayo. Tulipika mpaka gunia la mwisho la unga likaisha. Unga wetu mwingi ulikuwa unatoka Zambia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, na usiku ule hata jirani hakuwa na wa kuniazima.

Katikati ya fujo hiyo akaingia mchezaji mmoja wa zamani, mtu aliyeichezea timu kubwa ya hapa mjini miaka mingi. Simtaji jina, hakunipa ruhusa. Alikaa meza ya pembeni, akaletewa beseni na jagi, akanawa, akakata tonge la kwanza. Halikufika mdomoni. Watu waliinuka kutoka meza zote, wakamzunguka, mikono mabegani mwake, simu mbele ya macho yake, mmoja akamshika mkono wenye tonge ili apige naye picha. Yeye anacheka tu, anasema ndiyo, ndiyo, na bukari inapoa. Mimi nilisimama pale nimefurahi, najiona biashara yangu imepata jina.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa anasonga bukari nyuma, ndiye aliyetoka. Mwiko mkononi, unga mpaka kwenye viwiko. Alisema mara moja tu, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Mumwache akule kwanza!"

Watu walirudi kwenye viti vyao kama watoto waliokemewa na bibi yao. Yule papa alikula. Alikula kweli, aliomba nyongeza ya samaki, akanyonya mifupa. Kisha akanawa, akainuka mwenyewe, akaanza meza ya kwanza: jambo papa, jambo mama, mko wazima? Alizunguka zote sita. Aliyetaka picha alipata, aliyetaka kumsimulia bao la zamani alisikilizwa mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyetoka mikono mitupu usiku ule, na yeye pia alitoka ameshiba.

Tangu siku hiyo, sheria ya malewa yangu ndiyo hiyo. Mtu akiwa na tonge mkononi ni mteja. Ukimkuta duka la dawa ni mgonjwa au ana mgonjwa. Ukimkuta kilioni ni mfiwa. Tazama kwanza alichoshika na mahali alipo, halafu ujiulize kama ungependa wewe kusimamishwa hapo.

Na usimwombe mtu akufanyie kazi yake barabarani. Desemba 2010, Mazembe ilipoitoa Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, kipa Robert Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka ameketi chini, na dunia nzima ikaona. Watoto wa Kamalondo walirukaruka hivyo vumbini wiki nzima, suruali za shule zikatoboka matakoni. Ilikuwa furaha safi. Lakini baadaye nimeona watu wazima wakimwomba kipa wa timu nyingine kabisa aruke hivyo kati ya meza zangu, na mchekeshaji akiambiwa "tuchekeshe basi" kabla hajavuta kiti. Mimi nikienda kanisani sitaki mtu anipe sufuria.

Sasa, wao wanatutendeaje? Ukitaka kujua, usiangalie anavyokutendea wewe uliyemjia na simu, maana mbele ya simu wengi ni malaika. Angalia mkono unapoletewa maji. Kwangu kijana wa sahani ndiye anayepita na jagi. Miaka yote hii nimeangalia macho ya watu pale beseni linapofika. Kuna anayenyoosha mikono huku anaongea na simu iliyobanwa begani, maji yanamwagika, kijana analaumiwa. Kuna anayesema "aksanti, papa" kwa kijana wa miaka kumi na minane, na kijana ananyooka mgongo. Mchezaji mmoja, ambaye magazeti yalikuwa yanamwita mjeuri, alimkuta kijana wangu siku moja anasoma daftari karibu na ndoo. Akauliza anasoma nini. Akaambiwa mtihani wa serikali. Miezi miwili baadaye alirudi, na kabla ya kukaa akaniuliza, "Mama, mutoto alipita mutihani?" Alikuwa amepita. Alimwita, akampa mkono uleule wenye povu la sabuni. Magazeti yaandike yatakavyo.

Nimeona na upande wa pili. Mwanamuziki mmoja alikuja baada ya tamasha na watu wanane. Walikula mbuzi, walikula samaki, walikunywa, mmoja wao akamfokea binti yangu kwa sababu pilipili ilichelewa, na mwenyewe akacheka. Waliondoka kwa "tutapitia kesho". Kesho yake saa moja asubuhi dereva wao alikuja peke yake, akahesabu franka kutoka mfuko wa shati lake, noti za mia tano mia tano zilizochakaa. Nilijua si za bosi. Nilichukua nusu, nikamwambia aketi anywe chai. Kilichoniuma si deni. Ni binti yangu, ambaye alikuwa amesuka nywele mpya kwa sababu alisikia mtu huyo anakuja.

Kwa hiyo ninawapimia kwa mizani miwili. Mtu maarufu asiponijibu salamu, namhesabia moja, naendelea. Mchezaji mmoja alinipita siku fulani kama jiwe, nikaumia. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kuniomba radhi, kumbe siku ile alikuwa ametoka kuambiwa kwamba timu haimhitaji tena. Mara tatu ndipo nitasema anaringa. Lakini anayemdhalilisha mtu anayemletea maji, kwangu mara moja inatosha. Hayo mawili siyachanganyi, na nakushauri nawe usiyachanganye. Hata kwa wenye walinzi: usibishane na mlinzi, yeye ana watoto wa kulisha. Mtazame bosi wake. Mlinzi akimsukuma mama mzee na bosi akageuza shingo upande mwingine, umeshapata jibu lako.

Neno kwa wafanyabiashara wenzangu, ingawa wengi hawakubaliani nami: bei iwe moja. Zamani nilikuwa nawapa mastaa chakula bure ili wapige picha na sufuria zangu. Siku moja mtoto mpiga rangi viatu, ambaye hula kwangu tangu akiwa mdogo na hulipa hadi franka ya mwisho, aliona, akasubiri nimalize, akaniuliza kwa upole, "Mama, na miye siku nikikosa franka, uko unanipa bule?" Nilitafuta jibu sikulipata. Sijampa mtu maarufu sahani ya bure tena, na yule mtoto siku akikosa anakula. Usimpandishie bei pia. Wapo wanaowauzia maradufu kwa kuwa wana gari, kisha wanashangaa hawarudi.

Na kuomba pesa mbele za watu, tuache. Najua tulipotoka. Kwetu Kongo wenye pesa hulipa mabanga ili majina yao yatajwe kwenye nyimbo, basi tunaona jina na pesa ni mapacha. Wengi niliowalisha walikuwa hawajalipwa mshahara miezi kadhaa. Mtu kama huyo ukimwomba mbele ya meza sita unamvua nguo.

Yule mwanamuziki wa hospitali nilimwona tena, baada ya kama miaka mitatu. Niliitwa kupika kwenye harusi moja Kampemba, na yeye aliitwa kuimba. Alipomaliza alikaa nyuma ya hema, amevua viatu. Nilimpelekea sahani mwenyewe. Nikamwambia, "Jambo, yaya." Akaitikia, "Jambo sana, mama." Nikaweka sahani, nikamimina maji mikononi mwake, nikamwuliza, "Mutoto anaendelea muzuri?"

Mikono yake ilisimama juu ya beseni. "Mutoto gani?"

"Yule wa hospitali. Alikuwa na bandeji ku mukono."

Hakunikumbuka, na sikumkumbusha kuhusu picha. Alinitazama kwa muda, kisha akatoa pochi yake kwenye kiti cha pembeni na kuiweka chini, akanionyesha nikae. "Iko darasa ya pili," alisema. "Anapenda hesabu." Tulizungumza juu ya malaria na watoto mpaka mpiga gitaa alipokuja kumwita. Alikuwa hajamaliza kula, nikaifunika sahani yake kwa nyingine na kuisogeza karibu na makaa ili aikute ya moto.