Mafua yakikubana Dar, hesabu siku

Kipupwe kikiingia, ofisini kwetu Kariakoo kila meza ina mtu anayepenga kamasi, na waliobaki wote wameshageuka madaktari. "Hayo ya kijani yamekomaa, kanywe amoksilini." Hapo ndipo tunapobishana kila mwaka. Makamasi kugeuka njano au kijani baada ya siku chache ni kawaida ya mafua. Ni kinga ya mwili inafanya kazi, si lazima bakteria wawe wameingia. Mafua huletwa na virusi, tena vya aina zaidi ya 200, na antibayotiki kama amoksilini haigusi virusi. Ukiomba "nusu dozi" dukani, ukafungiwa vidonge vichache kwenye kibahasha, utaambulia tumbo la kuharisha na vimelea sugu.

Mimi naangalia siku na pumzi. Mwanzoni koo linawasha na pua inachuruzika. Siku ya pili au ya tatu kichwa kizito, pua zimeziba, hutaki hata kuongea na mtu. Kisha yanalegea, na kwa kawaida wiki moja hadi siku 10 yameisha. King'ang'anizi ni kikohozi. Kikifikisha wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Huenda ni mabaki ya mafua tu, lakini mji huu tunavyobanana kwenye daladala, kifua kikuu si cha kubahatisha. Kipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali.

Homa nayo usiibashiri. Pima malaria, maana kuwa na mafua hakukukingi na mbu.

Nyumbani, pumzika na unywe vya kutosha: maji, uji, supu, chai ya tangawizi. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi (mwenye kisukari awe na kiasi). Nyungu sina ugomvi nayo, inazibua pua kwa muda, ila sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi limeshababua watu. Mvuke wa bafuni ukioga maji ya moto unatosha.

Panadol inahitaji hesabu. Mtu mzima asizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na vingi vya vidonge vya mafua vya mchanganyiko vina parasetamoli ndani. Ukivimeza juu ya panadol, unarudia dawa ileile, na ini ndilo linaloumia. Soma pakiti. Mwenye presha amwambie mfamasia kabla ya kununua dawa ya kuzibua pua, kwa sababu baadhi huipandisha. Matone ya kuzibua pua nayo ni ya siku chache tu. Ukiyazoea, pua huziba zaidi.

Kuna ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: kupumua kwa shida, kichomi, makohozi yenye damu, kuchanganyikiwa. Mjamzito, mzee, mwenye pumu, kisukari au VVU asingoje hali ifike huko.

Na yapo mafua yanayodanganya: umeshapata nafuu, umerudi kazini, halafu homa inapanda upya na kifua kinauma. Huenda bakteria wamepata upenyo, hata nimonia. Hapo nenda kwa daktari, na akikuandikia antibayotiki, meza dozi yote kama alivyokuelekeza.