Ukichoka na Coco Beach, nenda magofu ya Kunduchi

Dada, umesema una Jumamosi moja tu Dar, Coco Beach umeichoka, unataka pahali patulivu penye historia. Nenda magofu ya Kunduchi. Panda daladala za Barabara ya Bagamoyo, shuka Mtongani, malizia na bodaboda, ila patana bei kwanza.

Kuna gofu la msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mibuyu imeyazunguka. Sogea karibu na nguzo: utaona vishimo vya mviringo, ndipo vilipopachikwa vyombo vya kaure kutoka China. Mimi hapo huganda kabisa.

Usiende peke yako lakini! Njia ina vichaka, na vibaka wapo. Nenda asubuhi na mwenyeji, vito acha nyumbani. Na tafadhali, makaburi usiyakalie.