Kiwiko Kilichokauka Baada ya Plasta: Usikubali Kivutwe

Plasta ikitolewa, aliyevunjika kiwiko hushtuka. Mkono umekonda, ngozi inabanduka magamba, na kiwiko kimeganda kwenye kona ileile kilichofungiwa. Hapo ndipo nyumbani wanaanza kuhangaika: huyu anachemsha maji, yule anamjua mchuaji hodari, na kesho yake mkono unavutwa huku mgonjwa kang'ata kitambaa.

Tafadhali, hilo lisifanyike. Misuli ya mbele ya kiwiko ikichuliwa na kuvutwa kwa nguvu ingali na jeraha, inaweza kuota mfupa ndani yake, na mfupa huo ukishakomaa hauondoki kwa mazoezi. Mara nyingi kinachobaki ni upasuaji. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 kabla ya mazoezi hakina neno. Ubaya uko kwenye kulazimisha.

Kiwiko hukauka upesi kuliko viungo vingi, hasa kikifungwa zaidi ya wiki 3. Kwa hiyo muulize daktari tangu mwanzo: nitaanza lini kukisogeza, na nisivuke wapi? Ukiwa bado kwenye plasta, kunja na kunjua vidole kila saa, na bega nalo ulisogeze kama umeruhusiwa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikafa ganzi au kuwa baridi, au ukivinyoosha ukasikia uchungu mkali, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Ukiruhusiwa kuanza, lala chali. Inua mkono hadi kiwiko kielekee dari, ushikilie kwa ule mkono usioumia, kisha acha kiganja kishuke taratibu kuelekea bega. Uzito wa mkono wenyewe ndio unaokunja. Hesabu hadi 10, rudisha. Fanya mara 10, na urudie hivyo mara 4 kwa siku. Dakika chache kila baada ya saa kadhaa zinafaa kuliko saa nzima ya mateso jioni.

Kunyoosha ndiko kugumu zaidi. Kaa mezani, kunja taulo uliweke chini ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, si chini ya kiwiko chenyewe. Kiganja kiangalie juu, mkono unyooke kwa uzito wake kwa dakika 5. Wengi hupandisha bega bila kujua, wakadhani kiwiko kimenyooka. Halafu kuna kugeuza kiganja: bana kiwiko ubavuni, kikunje, shika mwiko ukiwa wima, uulaze kulia, kisha kushoto. Kiwiko kikiachana na ubavu, bega ndilo linalofanya kazi na zoezi limepotea.

Kuhisi kiwiko kinavutika wakati wa mazoezi haya kunaruhusiwa. Lakini ukiamka asubuhi kiwiko kimevimba kuliko jana, ulizidisha: siku hiyo punguza mazoezi yawe nusu, na uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10.

Mizigo isubiri hadi picha ya eksirei ionyeshe mfupa umeunga na daktari aruhusu. Anza na chupa ya maji ya nusu lita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye kiwiko, basi waachie wengine wateke.

Kila Jumapili piga picha mkono ukiwa umekunjwa, na nyingine ukiwa umenyooka, ukisimama palepale. Mabadiliko ni madogo mno kuonekana siku kwa siku, ila huendelea kwa miezi 6 na zaidi. Nyuzi (digrii) chache za mwisho za kunyooka mara nyingi hazirudi. Usihuzunike, kiwiko kinachotoka nyuzi 30 hadi 130 (sifuri ni mkono ulionyooka kabisa) kinatosha kula, kuvaa na kazi nyingi za nyumbani.

Ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete ni habari nyingine. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko unabanwa. Mwambie daktari, usiegemee kiwiko mezani, wala usilale umekikunja.

Na kama aliyeumia ni mtoto, msimkande wala msimvute kabisa. Daktari akisharuhusu, mpeni kijiko au kalamu kwenye mkono huo na mwacheni acheze chini. Watoto wengi hurudisha mwendo wa kiwiko kwa michezo tu. Kupanda miti kusubiri ruhusa.