Jiografia si ya kukariri, anza na ramani

Mwanafunzi anayesoma Jiografia ili tu tahasusi yake ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) itimie anajipunja. Kosa kubwa ni kukesha na majina ya mito na aina za miamba, huku ramani ikiachwa hadi wiki ya mtihani. Anza na ramani.

Chukua ya skeli ya 1:50,000. Hapo sentimita 2 ni kilomita 1. Barabara yenye kona ipime kwa uzi: ulaze taratibu ukifuata kila kona, utie alama, kisha unyooshe kwenye rula. Ukipata sentimita 7.4, umbali ni kilomita 3.7. Kwenye mteremko wengi huanguka kwa kuchanganya mita na kilomita. Badili vipimo kwanza: ardhi ikipanda mita 60 katika umbali wa mita 1,200, mteremko ni 1 kwa 20.

Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zipe muda mrefu kuliko vyote. Zikibanana, mteremko ni mkali. Zikijikunja kama herufi V na ncha ikaelekea kwenye namba kubwa, hapo ni bonde, na maji yatapita hata kama leo ni pakavu. Wazazi wa Dar, hili linawahusu nanyi: viwanja vya bondeni huuzwa vizuri sana kiangazi. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, na mvua zikikolea, eneo la Jangwani unakopita hujaa maji. Ila kontua za kila mita 20 hazitoshi kwa jiji tambarare kama letu; bonde la kina cha mita 5 linaweza lisionekane kabisa. Nenda ukatazame michirizi ya maji kwenye kuta za majirani, matete, na mchanga uliorundikana kwenye kona za uzio.

Longitudo, yaani mistari ya ramani inayotoka kaskazini hadi kusini, nazo hueleweka uwanjani. Dar iko karibu na nyuzi 39 mashariki, lakini saa zetu hufuata nyuzi 45. Tofauti ya nyuzi 6, kila moja dakika 4, ni dakika 24. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa kwenye saa 6:24 mchana, likipishana dakika kadhaa kwa majira. Simika fimbo wima, weka alama ya ncha ya kivuli kila dakika 5, kuanzia saa 6:00 hadi 6:45. Kivuli kifupi kuliko vyote hulala kaskazini-kusini. Usifanye zoezi hili mwanzoni mwa Machi wala wiki ya pili ya Oktoba: jua huwa utosini, kivuli hakipimiki.