Je, protini ya kunywa hufika kwenye mitokondria?

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia mjini Mbale. Muuzaji wa unga wa lishe anadai kwamba protini zake zina "alama ya mitokondria", hivyo ukizinywa huenda moja kwa moja kwenye misuli na kuondoa uchovu. Je, alama hiyo ipo kweli?

Jibu: Alama ipo, Mwalimu, na ndiyo maana uongo huu unauzika kwa urahisi. Mitokondria ya binadamu, yaani sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, ina jeni za protini 13 tu. Nyingine, zaidi ya 1,000, huundwa nje yake kwa maagizo ya kiini cha seli. Nyingi kati ya hizo huanza na kipande cha asidi amino (vijenzi vya protini) 15 hadi 50 hivi, ambacho ndicho alama yenyewe, kilichojizungusha kiasi kwamba upande mmoja una chaji chanya na wa pili hukwepa maji. Vipokezi vya utando wa nje hukitambua, kisha protini hupenyezwa ikiwa imenyooshwa kama uzi katika tundu la sindano, huku chaji hasi iliyo upande wa ndani wa utando wa pili ikikivuta kipande hicho, ambacho hatimaye hukatwa na kimeng'enya. Plastidi, ambazo ni sehemu za seli za mimea, zikiwemo zinazohifadhi wanga katika muhogo, nazo zina milango yao na alama zao, zenye serini na threonini kwa wingi.

Wanachokificha wauzaji, au wasichokijua, ni kwamba alama hii husomwa ndani ya seli peke yake, na vipokezi vyake havielekei tumboni. Protini uliyoinywa hukatwakatwa na vimeng'enya vya usagaji chakula: pepsini, kisha tripsini, ambayo hukata hasa baada ya arginini na lisini, yaani zile zile asidi amino zinazoipa alama chaji yake chanya. Kinachofika kwenye damu ni asidi amino, sawa na zile za maharagwe, ambayo bei yake unaijua.

Wapo pia wanaouza maji ya klorofili ya "kulisha plastidi za mwili", ilhali mwili wa binadamu hauna plastidi hata moja, na klorofili si protini. Nimechoka kuona wagonjwa wakimaliza fedha kwa vichupa hivyo huku upungufu wa damu, kisukari au malaria vikiendelea bila kupimwa. Mwenye uchovu usiokwisha aende kituo cha afya apimwe damu kabla ya kununua unga wowote.