Kabla ya Kuchuna, Soma Makovu

Juu kidogo ya kwato kisu kilikwama, kikatoa mlio wa chuma kugonga chuma. Nilikuwa namchuna pongo dume, upande wa Handeni, kwenye kambi ya wawindaji wa leseni. Alikuwa amenona, manyoya yanang'aa, na madoa yake meupe ubavuni kama yamepakwa chokaa. Nikadhani nimegonga risasi, lakini risasi ilikuwa imepita begani. Nikapapasa kwa kidole gumba. Uvimbe mgumu, ukubwa wa ndimu, umeuzunguka mguu wa nyuma kama bangili. Nilipoupasua kwa shoka dogo nikaukuta waya: kebo ya klachi ya pikipiki, imeliwa na kutu, na mfupa umeota juu yake pande zote kama mzizi unavyolimeza jiwe.

Huyu pongo alitembea na tanzi la mtu hadi mwili wake ukalizika. Tangu siku ile sijachuna mnyama bila kwanza kumzunguka na kumsoma mwili mzima, na hicho ndicho ninachotaka kuwashauri nyinyi mnaowinda kwa leseni, mnaochuna, na hata mnaonunua kwenye mabucha ya nyamapori.

Anza na nyayo, mnyama akiwa bado hai. Mwenye mguu mbovu huacha alama tatu nzito na ya nne hafifu, au mburuzo tu. Kama mguu haukanyagi kabisa, kwato zake hazisuguliwi na ardhi, kwa hiyo hurefuka na kupinda kama ncha ya jambia. Paja la mguu huo hunywea. Ukiangalia kwa darubini utaona makalio hayalingani. Wengi wakiona hivyo husema, "Masikini, mmalizie." Mimi sikubaliani nao. Kama kidonda kimefunga na mnyama ana mwili, ameshajifunza maisha yake mapya. Nimemwona tohe jike mwenye kigutu mguu wa mbele akikimbia mbele ya wenzake na mtoto wake nyuma. Leseni inakupa aina na idadi, haikupi kazi ya kupunguza vilema. Lakini ukimkuta mwenye waya mbichi unaomkata nyama, mwite askari wanyamapori. Wapo madaktari wa wanyamapori wanaoweza kumlaza kwa sindano na kumtoa waya.

Marehemu baba yangu, Mzigua aliyewinda kwa gobore zamani, hakuturuhusu tumcheke mnyama kilema hata porini. "Hujafa hujaumbika," alikuwa akisema, kisha anatuuliza: ameumiaje? Tulilazimika kujibu. Meno ya mamba huacha mistari ya matundu, na kuro wa kandokando ya mto ndio wenye nayo mara nyingi. Kucha za chui huacha michirizi sambamba mgongoni na shingoni. Pembe ya dume mwenzake huacha tundu moja la mviringo, mara nyingi ubavuni au shingoni. Mbavu zilizovunjika na kuunga utazihisi kwa vidole, zina vifundo kama vya muwa. Waya ndio pekee unaozunguka. Kovu likizunguka mguu, shingo au pua mzima mzima, halikuachwa na mnyama mwingine. Ni mkono wa mtu.

Na pembe nazo zisome. Mgeni mmoja kutoka Marekani alituonyesha kwenye simu picha za wanyama wa kwao, wale wenye pembe za matawi ambao kwa Kiswahili tunawaita kulungu au ayala. Pembe moja nzuri, ya pili imekuwa kama mzizi wa muhogo uliokosa maji. Akatueleza kwamba dume akiumia mguu wa nyuma, mara nyingi pembe inayoharibika ni ya upande wa pili: mguu wa kushoto, pembe ya kulia. Kwao pembe ni mfupa unaodondoka na kuota upya kila mwaka, kwa hiyo maumivu ya mwaka huu huonekana kwenye pembe za mwaka unaofuata. Dume aliyeumia korodani anaweza kubaki na pembe zenye ngozi laini, zisizokauka wala kudondoka, zimejaa vinundu. Alituonyesha pia ncha ya mshale iliyotolewa kifuani mwa dume aliyepigwa baadaye akiwa mzima kabisa, imefungwa ndani ya mfuko mgumu wa nyama nyeupe.

Wetu si hivyo. Pongo, tohe, kuro, kongoni, wote pembe zao ni gamba lililovaa mfupa, na hazidondoki. Ikivunjika, imevunjika maisha. Ikijeruhiwa shinani mnyama akiwa mdogo, itapinda hadi anakufa. Kwa hiyo pembe iliyopinda kwetu ni habari ya utotoni, wala usimwambie mteja kwamba ni ugonjwa.

Sasa nyama. Hapa ndipo watu huniuliza zaidi, na hapa ndipo naomba msome taratibu.

Kovu la kweli ni kavu. Ukilikata ni jeupe, gumu, halina harufu, kisu kinapita kama kwenye kano. Kata sehemu hiyo, itupe, na nyama iliyobaki haina neno. Jipu ni kitu kingine. Linabonyea, na ndani kuna usaha wa njano au wa kijani, wakati mwingine mzito kama jibini. Usilitoboe. Likate pamoja na nyama nzima inayolizunguka, kwa mapana, kisha badilisha kisu au kioshe kwa maji ya moto kabla hakijagusa kipande kingine. Halafu fungua ndani uangalie mapafu, ini na matezi. Jipu moja mguuni ni ajali. Vinundu vya usaha kwenye mapafu na matezi ni ugonjwa uliotambaa, na kifua kikuu cha wanyama kinafanana hivyo hivyo, hasa kwa nyati. Mnyama huyo asiliwe. Mwache mkaguzi wa nyama aamue, hata kama umelipia leseni na moyo unauma.

Ukimkuta mnyama amekufa mwenyewe, ametokwa damu puani au njia ya haja, na damu haigandi, rudi nyuma. Usimpasue hata kidogo, usichukue hata mkia. Hicho kinaweza kuwa kimeta, na ukishampasua umewafungulia vijidudu njia ya kuingia ardhini, ambako vinakaa miaka mingi. Piga simu kwa bwana mifugo au afisa wanyamapori, na wazuie watu na mbwa.

Kuhusu gobore: hujazwa goroli, vipande vya nondo, wakati mwingine madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Mnyama akinusurika, vipande hivyo hubaki ndani vimezungukwa na nyama ngumu. Ukikuta kimoja tafuta vingine, maana gobore halitoi kimoja. Kata kwa mapana. Madini ya risasi ni sumu, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi.

Huku Tanga kuna swali jingine ambalo nimeulizwa mpaka na mama mkwe: mnyama kilema analiwa? Nilimpelekea shehe wa mtaani kwetu. Jibu lake lilikuwa wazi: masharti ya kutochechemea na kutokuwa chongo ni ya mnyama wa udhhiya, yule anayechinjwa Idi ya kuchinja. Huyu wa kuwindwa, madhali ni wa halali na amepatikana kwa njia ya halali, kilema chake hakimharamishi. Mama mkwe aliridhika, ingawa mguu wenyewe alikataa kuupika, na sikumlaumu.

Nirudi kwenye waya, maana ndio unaonikosesha usingizi. Wazee wetu nao walitega. Lakini walitega kwa kamba, na baada ya mkonge kuletwa Tanga mwaka 1893 kamba ya mkonge ndiyo ikawa rahisi kupatikana. Kamba hulowa, huoza, mnyama huitafuna akaondoka. Mtegaji akiugua, mvua za masika zinautegua mtego wake. Waya wa leo, uwe wa klachi, wa breki ya baiskeli au uliotolewa kwenye tairi lililochomwa, haumsubiri aliyeutega. Unanasa mwaka huu na mwaka kesho, unanasa jike mwenye mimba, unanasa mbwa wa mchungaji. Nyama yenyewe huozea pale pale.

Ndiyo maana nasema kovu lina kazi hata baada ya mnyama kufa. Paa, funo na pongo hawatembei mbali, kila mmoja ana kieneo chake kidogo anachokizunguka maisha yote. Ukimpata mmoja wao ana kidonda cha waya ambacho bado kina rangi ya waridi au funza, mtego uko karibu, labda ndani ya mwito wa sauti. Kongoni au nyati anaweza kuwa ameubeba waya kutoka mbali sana, huyo hakuelekezi popote. Basi piga picha ya mguu, weka kisu au sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, hifadhi alama ya mahali kwenye simu, na uandike mambo manne: mnyama gani, mguu upi, kidonda kibichi au kovu, waya wa aina gani. Kama waya bado upo, usiutupe, mkabidhi askari.

Msimu wangu wa mwisho tulipata funo dume mwenye mkato mbichi mguu wa mbele wa kulia. Badala ya kurudi kambini tuligawanyika na askari, tukafuata njia zake za kwenda majini, tukiinama chini ya vichaka kwa urefu wa funo mwenyewe, kwa sababu ukisimama wima huzioni. Hadi adhuhuri tulikuwa tumetoa nyaya kumi na moja. Tisa zilikuwa za klachi, zimefungwa kwa fundo lile lile moja. Wa mwisho ulikuwa na kwato ndogo ndani yake, kavu, nyepesi mkononi kama ganda la korosho.